Eti "Ni Gitaa Tu"

Najua nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeanza kudhani nimeolewa kimyakimya. Hapana. Zamu za usiku tu zimenibana. Leo nina siku mbili za kupumzika, chai ya tangawizi ipo mezani, na nina jambo lililonikaa kooni ambalo lazima nilitoe.

Nianze na binamu yangu mmoja (simtaji, anajijua, na mkewe anajua pia). Nilipomsimulia yaliyolipata gitaa langu alicheka sana kwenye simu, akaniambia: "Dada, ingekuwa fundi wa Msamvu ningeelewa. Lakini Marekani? Huko si kila kitu kinakwenda kwa utaratibu?" Kuna na wale rafiki zangu wa hapa Dallas, Watanzania na Wakenya ninaosali nao na kula nao pilau, ambao kwa mwaka mzima wamekuwa wakiniimbia wimbo mmoja: achana nalo, ni gitaa tu. Leo nawajibu wote pamoja.

Kwa wasiolijua: ni gitaa kavu, lisilotumia umeme, aina ya Martin la miaka ya 1970. Nililinunua Houston mwaka 2016 kwa dola 1,100, kwa mtu aliyekuwa anahama. Magitaa haya yanatengenezwa kwenye mji unaoitwa Nazareth, ndiyo, Nazareth, ila hii ipo jimbo la Pennsylvania, na kampuni yenyewe ilianza mwaka 1833. Uso wake ni mbao nyepesi ya jamii ya msonobari. Kidaraja chake, yaani kile kibao ambapo nyuzi zinafungwa, ni cha mti wa kutoka India ambao ni ukoo mmoja na mpingo wetu. Mjomba nilipomwambia hivyo alisema, "Kumbe ndugu yetu."

Na Mjomba ndiye mwenye gitaa hilo hasa. Mimi nilikuwa nalitunza. Wanaomjua wanajua ndiye aliyenifundisha kushika nyuzi nikiwa darasa la tano, pale Morogoro, kwa gitaa la nyuzi nne kwa sababu mbili zilishakatika na dukani hazikuwepo. Yeye ujanani alimwona Mbaraka Mwinshehe akipiga jukwaani, na mpaka leo ukimtajia ile ajali ya Mombasa ya Januari 1979 ananyamaza kama msiba ulikuwa jana. Nilimwahidi siku natoka Muhimbili na shahada yangu ya uuguzi kwamba nikipata kazi ya maana nitamletea gitaa la kweli. Nimefika Texas mwaka 2014, nikafanya mtihani wao wa leseni, nikalipa madeni ya watu, na mwaka 2016 nikalinunua. Kila mwaka nikisema nakuja nalo, likatokea jambo. Mwaka 2017 Harvey kikaizamisha Houston, likakaa juu ya kabati siku tano huku sisi wauguzi tumefungiwa hospitali. Februari 2021 ikaja ile baridi iliyokata umeme jimbo zima, nikalifunika blanketi langu mimi nikalala na koti. Limepita kote huko salama.

Lililoliua ni mimi. Nasema ukweli mapema ili asije mtu akaniumbua. Agosti 2023 nikiwa nimeshahamia upande huu wa Fort Worth nililiacha kwenye buti ya gari zamu nzima ya saa kumi na mbili. Nilitaka kupita nalo kwa rafiki baada ya kazi. Joto la nje siku hiyo lilikuwa zaidi ya nyuzi 40 (nyuzi za joto, si za gitaa), na ndani ya buti mtaongeza wenyewe. Gundi ikalegea. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa pamoja uzito wa kilo zaidi ya 70, ni kama mtu mzima ameningʼinia kwenye kile kibao usiku na mchana. Kikainuka upande wa nyuma kiasi kwamba ningeweza kupitisha kadi ya benki chini yake.

Ni ugonjwa wa kawaida kwa magitaa, na una tiba inayojulikana. Unakipasha kidaraja moto taratibu, unakitoa CHOTE, unakwangua gundi ya zamani pande zote mbili mpaka mbao iguse mbao, unapaka gundi mpya, unakibana kwa jiliwa na kukiacha siku nzima. Ni kama kidonda. Hutii dawa juu ya usaha ukafunga bendeji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi analijua hilo.

Nikalipeleka duka moja la matengenezo upande wa Dallas. Jina silitaji, siandiki ili kulipiza kisasi. Duka zuri, kiyoyozi, magitaa yameningʼinizwa ukutani kama nguo za harusi. Yule bwana wa kaunta akaniangalia, akaliangalia gitaa, akaniuliza kama nina uhakika ni langu. Nilimeza. Tukakubaliana dola 180 (kama laki nne na nusu kwa bei ya wakati ule) na wiki tatu. Nikamwambia wazi kwamba Desemba nasafiri nalo kwenda nyumbani.

Wiki tatu zikawa sita. Zikawa tisa. Nikipiga simu naambiwa fundi anaumwa, halafu fundi ana likizo, halafu gundi inakauka. Binamu, unausikia huo wimbo? Ni uleule wa fundi cherehani wa pale kwetu unapokwenda kuchukua suti siku ya harusi ukaikuta bado kitambaa. Tofauti ni Kiingereza tu. Nikasafiri Desemba 2023 mikono mitupu. Mjomba alinipokea akauliza, "Liko wapi?" Nikamwambia liko kwa fundi. Akacheka, akasema basi hata Marekani kuna mafundi.

Niliporudi Januari likawa tayari. Risiti, ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa maneno yao: kidaraja kimetolewa, kimesafishwa, kimegandishwa upya. Likaonekana safi, na kwenye kidaraja kulikuwa na vidoti viwili vyeupe ambavyo sikuvikumbuka. Nikauliza, nikaambiwa ni urembo. Nikalipa. Machi, nikiwa napiga wimbo wa Kwaresima, nikasikia mlio kama wa mfupa kuvunjika. Kidaraja kimeinuka tena, na safari hii kimechana uso wa gitaa, ufa wa urefu wa kidole.

Nikalirudisha. Hapa ndipo moto ulipowaka. Yule bwana hakulitoa hata kwenye sanduku vizuri, akasema: hewa kavu, wewe hukulitunza, na risiti yetu ina dhamana ya siku 30. Kulitengeneza sasa ni dola 350 zaidi.

Sasa, hewa kavu si uongo kama hoja. Houston ipo karibu na Ghuba, hewa yake unaweza kuikamua kama kitambaa. Huku Fort Worth wakati wa baridi mashine za kupasha joto zinakausha nyumba mpaka midomo inapasuka, na watengenezaji wanashauri gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ila bwana yule alikuwa hajui anaongea na nani. Mimi ni muuguzi. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kipimo cha unyevu, na tangu Januari nilikuwa nakiandika kila asubuhi kwenye daftari kama ninavyoandika presha ya mgonjwa. Tarehe, saa, asilimia. Hakuna siku iliyoshuka chini ya 44. Nikamfungulia daftari. Akaniambia daftari si ushahidi.

Nikaondoka nalo. Juni 2024 nikaendesha gari mpaka Houston, maili kama 240 kwa barabara ya 45, nikipita lile sanamu jeupe refu la Sam Houston pale Huntsville, kwenda kwa mzee mmoja fundi ambaye rafiki yangu wa zamani aliniambia habari zake. Na msidhani Texas ni jangwa la mafundi. Bill Collings, aliyefariki mwaka 2017 na ambaye magitaa yenye jina lake wanamuziki wanauza mpaka gari kuyapata, alianzia Houston miaka ya 1970 akitengeneza na kukarabati, kabla hajahamia Austin. Mwimbaji Lyle Lovett ni mmoja wa wateja wake wa mwanzo kabisa. Mafundi wapo, na wazuri sana. Ndiyo maana nakasirika.

Mzee yule hakusema kitu. Akalegeza nyuzi, akaingiza taa ndogo na kioo kama cha daktari wa meno ndani ya tundu la gitaa, akaniita nione. Vile vidoti vya "urembo" vilikuwa vimefunika vichwa vya skrubu mbili. Kidaraja hakikuwahi kutolewa. Walisukumia gundi ngumu ya plastiki kwenye ule mwanya, juu ya gundi ya zamani na vanishi, halafu wakakipigilia skrubu kutoka juu kupita kwenye uso wa gitaa, na moja ilikuwa imepasua kibao cha ndani kinachobeba mzigo wote. Akapiga picha kumi na moja. Akaniandikia maelezo kwa mkono wake, akasaini. Kulirekebisha, kwa sababu ile gundi sasa ilibidi iondolewe chembe kwa chembe, dola 460.

Jamani, hebu tusimame hapa kidogo. Kosa la fundi ninalielewa. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea mshipa mara tatu kwa mtoto mmoja na mama yake ananiangalia. Unaomba radhi, unaandika taarifa ya tukio, unamwita mwenzako mwenye mkono mwepesi. Lakini kuandika kwamba umefanya kitu ambacho HUKUFANYA, ukachukua hela, ukaziba ushahidi kwa vidoti vyeupe? Muuguzi akiandika kwenye faili "bendeji imebadilishwa" na hakuibadilisha, huyo hajakosea. Huyo amedanganya, na akibainika leseni yake iko hatarini. Kwa nini mwenye duka apewe huruma ambayo mimi sipewi?

Na hapo ndipo kwaya ya rafiki zangu ilipoanza. Achana nalo. Utajitafutia matatizo. Sisi wageni. Mzungu huwezi kumshinda kwao. Kadi yako ya ukaazi je? Dola 180 si unazipata kwa nusu zamu? Ni gitaa tu.

Nawaheshimu, lakini hapana. Hebu tuhesabu ni mangapi tumeyaacha kwa "achana nayo". Mmoja wenu aliacha amana ya nyumba Arlington, dola 900, kwa madoa ya zulia aliyoyakuta. Mwingine gari lake lilibadilishiwa kifaa ambacho hakikubadilishwa, na alijua, na akalipa. Mwingine hakulipwa saa za ziada miezi minne. Kila mmoja alisema yaishe. Halafu tukikutana jikoni kwenye sherehe tunasimuliana tukicheka, tunaita uvumilivu. Mimi nauita woga, na najitia humo humo, maana lile swali la "una uhakika ni lako?" nililimeza bila kulitafuna. Wenye maduka wanatusoma. Wanajua lafudhi fulani ikifika kaunta, malalamiko yataishia kwenye maegesho ya magari.

Na hili la kadi ya ukaazi, kudai haki yako mahakamani kwa karatasi zilizo sahihi si kosa la jinai. Nani alituambia hivyo? Hakuna aliyetuambia. Tulijiambia wenyewe.

Basi nikaanza kusoma, usiku, wagonjwa wakilala. Kumbe Texas ina sheria ya kumlinda mteja dhidi ya biashara za hila tangu mwaka 1973. Na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya jimbo hili iliamua kesi ya nyumba iliyoundwa kiwandani, ambayo mafundi wa kampuni walikwenda kuikarabati wakaongeza uharibifu. Mahakama ikasema anayekarabati mali ya mtu anabeba ahadi, hata kama hakuitamka, kwamba ataifanya kazi hiyo kwa ufundi unaostahili. Kumbe pia kuna mahakama za hakimu wa amani, tuziite Mahakama ya Mwanzo ya huku, ambazo tangu Septemba 2020 zinasikiliza madai mpaka dola 20,000, na huhitaji wakili. (Wakenya mnaosoma hapa, na nyinyi mnayo ya madai madogo tangu 2021, mpaka shilingi milioni moja. Mnaitumia?) Ila ukitaka kuitumia ile sheria ya wateja, lazima kwanza umwandikie mtu barua ya madai na kumpa siku 60.

Jambo moja muhimu kwa walioko huku: fundi ana haki ya kukushikia mali yako mpaka umlipe kazi mliyokubaliana. Kwa hiyo usigombane kaunta huku kitu chako kiko nyuma ya ukuta. Lipa, pata risiti, toka nacho, halafu ndipo uanze. Mimi kwa bahati nilikuwa nimeshalitoa.

Julai Beryl kikapita Houston, umeme ukakatika kwa wateja zaidi ya milioni mbili, na mzee wangu wa watu akakaa gizani siku nyingi. Alinipigia simu mwenyewe kuniambia gitaa lipo salama, amelihamishia kwa binti yake kwenye jenereta. Hakuniomba hata senti ya ziada. Nikamlinganisha na yule mwingine nikanyamaza.

Agosti nikatuma barua kwa posta ya kusainiwa. Ukurasa mmoja. Tarehe, risiti, picha, daftari la unyevu, maelezo ya mzee, hesabu: 180 mkono huu, 460 mkono ule. Hakuna matusi. Siku ya 41 nikajibiwa: watanirudishia 180 nikisaini karatasi kwamba sitasema lolote kwa mtu yeyote. Nikawajibu asanteni, siku 60 zikiisha tutaonana.

Tukaonana Februari 2025. Nilitoka zamu ya usiku moja kwa moja, na sare yangu, macho mekundu. Sitawadanganya, magoti yalitetemeka. Yule bwana alikuja na suti na karatasi mbili. Hakimu, mama mtu mzima, aliangalia picha moja baada ya nyingine, akamuuliza swali moja tu: kidaraja kilitolewa au hakikutolewa? Bwana akaanza na hewa kavu. Hakimu akarudia swali. Bwana akasema fundi wake wa wakati ule hayupo tena kazini. Ilichukua kama dakika ishirini na tano. Nikapewa 640 na gharama za kufungua shauri. Zimelipwa kwa awamu mbili, ya pili kwa kuchelewa, lakini zimelipwa.

Wenzangu hapa wanapiga vigelegele, wale wale wa achana nalo. Subirini kwanza.

Novemba 2024, wakati nahesabu siku za mahakama, Mjomba alipata kiharusi. Mkono wa kushoto. Wapigaji mnajua mkono wa kushoto ndio unaokanyaga nyuzi. Nilipopata simu nilikuwa wodini, nikauliza maswali yote ya kiuguzi, dalili zilianza saa ngapi, alifikishwa hospitali saa ngapi, na moyoni nilikuwa nafanya hesabu nyingine kabisa. Lingekuwa limefika Desemba 2023, angelipiga miezi kumi na moja. Hiyo sikuiandika kwenye madai. Sikujua niiweke safu gani.

Nimelipeleka Juni 2025. Mjomba amekaa kwenye kiti chake barazani, amelilaza mapajani, akakinusa kidaraja, akakigonga kwa kucha. Akauliza habari za mzee wa Houston, nikamweleza habari za jenereta, akasema nimfikishie shikamoo. Halafu akamwita yule kijana wa dada, wa miaka kumi na mbili, akamkalisha ubavuni. Kijana akawa anakanyaga nyuzi, Mjomba anacharaza kwa mkono wa kulia na kumgombeza. "Kidole cha pili! Cha PILI!" Walikwenda hivyo mpaka giza.

Kwa hiyo binamu, hapana, huku si kila kitu kinakwenda kwa utaratibu. Waongo wapo Msamvu na wapo Dallas. Huku kuna mlango wa kugonga kwa gharama ndogo, na nyumbani nako milango ipo mingine ambayo hatujaigonga. Na nyinyi wa Dallas, mwenye ile amana ya Arlington: kama hujapitisha miaka, bado hujachelewa. Nakala ya barua yangu ninayo, nitakubadilishia majina na tarehe. Niandikieni barua pepe, ila si Alhamisi wala Ijumaa, nipo zamu.